Ukifunga GPS kwenye gari, badili 123456 kwanza

GPS iliyounganishwa na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kuzima injini haionyeshi tu gari lilipo, inaweza pia kulizima. Wengi huifunga kwa kumhofia mwizi, kisha wanaiacha na neno la siri la kiwandani: 123456. Mwaka 2022 kampuni ya BitSight ilichunguza MV720, GPS ya magari ya kampuni ya MiCODUS, ikakuta kasoro sita za usalama. Baadhi ya amri za meseji zilitekelezwa bila neno la siri lolote. CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ikatoa tahadhari. Kwa kifaa cha namna hiyo, kubadili neno la siri hakutoshi. Kifungue, weka kingine.

Kwa vifaa vingine, anza na laini ya simu inayowekwa ndani ya kifaa. Isajili kwa jina lako, si la fundi, kwa sababu aliyeisajili anaweza kuomba laini mpya yenye namba ileile. Iweke kwanza kwenye simu ya kawaida uondoe PIN; ukiiacha, kifaa hakitashika mtandao, na fundi atahangaika bure na antena. Namba yenyewe iwe siri, kwa kuwa amri hupitia hapo.

Sasa neno la siri. Kwenye GPS aina ya Coban TK103 na nyingi zilizoigwa kutoka kwake, tuma meseji hii kwenda namba ya laini iliyo ndani ya kifaa:

password123456 739204

Weka tarakimu sita zako mwenyewe badala ya 739204, ukiacha nafasi moja tu katikati. Kisha jisajili kuwa msimamizi:

admin739204 [namba yako ikianza na msimbo wa nchi]

Usiridhike na jibu la "OK". Chukua simu nyingine, tuma check123456. Kifaa kikikujibu hali ya betri na GPS, neno la zamani bado linafanya kazi, rudia.

Kuna mlango wa pili ambao mafundi wengi huusahau: akaunti ya programu ya simu. Mara nyingi jina la kuingilia ni IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa), na neno la siri ni 123456 tena. IMEI hiyo imechapishwa kwenye stika ya kifaa, kwa hiyo ukiomba msaada kwenye kundi la WhatsApp usipige picha ya stika. Badili neno la siri, kisha mwambie fundi aondoe gari lako kwenye akaunti yake mbele yako.

Rilei ndiyo sehemu ya kusimamia kwa macho. Tumia ya volti 12, ampea 30 au 40, ikate waya wa pampu ya mafuta. Waya huo upite pini 30 na 87a. Pini 86 ipate chanya, 85 iende kwenye waya wa amri wa kifaa. Kwa mpangilio huu kifaa kikifa gari linaendelea kutembea. Fundi akitumia 87 badala ya 87a, rilei italazimika kuwa na umeme muda wote injini inapowaka, na kifaa kikizingua injini inazima barabarani, lori likiwa nyuma yako. Washa pia hali ya kusubiri: kwenye TK103 ni noquickstop pamoja na neno la siri, na amri ya kuzima itasubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa.

Umenunua gari lililotumika? Huenda GPS ya mmiliki wa zamani bado imo. Zima kila kitu, funga milango, subiri nusu saa, halafu pima kwa mita ya fundi umeme (multimeta) mkondo unaotoka kwenye betri. Ukizidi miliampea 50, chomoa fyuzi mojamoja hadi ushuke, kisha fuata waya wa fyuzi hiyo chini ya dashibodi. Mita ikisoma kawaida, bado angalia kwa tochi: GPS iliyolala hula umeme kidogo sana.