Kupima oili ya jenereta: sampuli safi kwanza, maabara baadaye

Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, kwa hiyo usihukumu kwa rangi. Injini nzima na injini inayovujisha maji ya rejeta ndani kwa ndani zinaweza kutoa oili yenye weusi uleule. Vipimo ndivyo vinavyozitenganisha, na vipimo vingi huharibika mkononi mwa anayechukua sampuli, chupa haijafika hata maabara.

Iache jenereta ifanye kazi hadi ipate moto wake wa kawaida, izime, kisha vuta sampuli ndani ya dakika 10 hadi 15. Muda huo vumbi la chuma, masizi na maji bado vimeelea. Ukingoja hadi asubuhi vimeshatuama. Tumia pampu ya mkono ya kuvutia oili na mpira mpya kila injini. Ulinganishe mpira na dipstiki (kijiti cha kupimia kina cha oili), uutie alama, ili ncha yake iishie katikati ya kina cha oili. Ukigusa chini utavuta tope la miezi mingi, na maabara itakuletea majibu ya kutisha bure. Mvuto wa kwanza umwage, kwa sababu umesafisha mpira tu. Kisha weka chupa kavu ya sampuli, ijaze robo tatu, uifunge papo hapo. Chupa ya maji ya kunywa haifai hata ukiisuuza: tone moja lililobaki ndani linatosha kukudanganya kwamba oili ina maji.

Kwenye lebo andika tarehe, jina la mashine, saa za injini, saa tangu oili ibadilishwe, aina ya oili, na lita ulizoongeza. Hapa ndipo watu wengi huzembea. Chuma sehemu 40 kwa milioni baada ya saa 250 si sawa na 40 hiyohiyo baada ya saa 100. Ya pili inasema injini inalika haraka zaidi. Na ukiongeza lita kadhaa bila kuandika, umeupunguza uchafu kwa kuuzimua, si kwa kupona kwa injini.

Majibu yakirudi, anza na mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Oili ya SAE 15W-40 ikiwa mpya huwa kati ya 12.5 na 16.3 cSt (sentistoki, kipimo cha mnato) kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ikishuka chini ya hapo, shuku dizeli inayovuja kwenye nozeli au pampu. Ikipanda, ni masizi mengi au oili imechoka. Silikoni na chuma vikipanda pamoja, vumbi linaingia: kagua filta ya hewa, na zaidi ya hiyo kagua mpira na klampu kati ya filta na tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini), maana filta mpya haisaidii kitu kama klampu imelegea. Silikoni ikipanda peke yake mara tu baada ya matengenezo, huenda ni gundi ya gasketi. Shaba na risasi vikiongozana, tazama beringi. Sodiamu au potasiamu pamoja na maji huonyesha maji ya rejeta yanavuja ndani: kagua gasketi ya silinda hedi au kipoza oili.

Maji unaweza kuyapima mwenyewe karakanani. Pasha bati hadi nyuzi 160 hivi kwenye jiko la umeme, vaa miwani ya kazi, dondosha tone la oili. Likitoa vipovu na kuchacharika, maji yapo, kiasi cha 0.1% au zaidi. Likitulia, bado maji kidogo sana yanaweza kuwapo.

Namba ikiruka ghafla, chukua sampuli ya pili kabla ya kufungua injini. Weka pia sampuli ya oili mpya kutoka pipani. Bila hiyo hutajua ni kiasi gani cha vitu hivyo kilikuwemo tangu mwanzo.