Zima king'amuzi ukutani, si kwa rimoti

Ukiona uniti za Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla ya Zanzibar, zinapungua hata nyumba nzima ikiwa imelala, kagua king'amuzi kwanza. Kitufe cha rimoti mara nyingi huondoa picha tu, ilhali ndani chombo kinaendelea kufanya kazi, na baadhi ya ving'amuzi huendelea hata kupeleka umeme kwenye dishi. Ndiyo maana ukikigusa alfajiri hukikuta kina joto. Kikivuta wati 10 kwa saa 20, hiyo ni uniti 0.2 kwa siku, yaani 6 kwa mwezi. Kichomeke pamoja na televisheni kwenye ekstensheni yenye swichi, uizime kabla ya kulala. Njia hii haifai kinapopangiwa kurekodi au kinaposasisha programu yake, na kuwaka tena huchukua dakika kadhaa, jambo linalowaudhi wanaosubiri taarifa ya habari.