Somo: kuipeleka familia paki ya bahari Malindi bila kurudi na watoto wanalia

Assalaam aleikum wenzangu, na wengine hamjambo. Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile, watoto wamechoka kukaa ndani na tivii, tuwapeleke wapi wakimbie waogelee na sisi wazee tutandike jamvi tule kwa raha zetu. Na jibu langu ni lile lile, paki ya bahari pale Casuarina. Iko pale tangu 1968, ni kati ya paki za bahari za kwanza kabisa Afrika, watu wanapanda ndege kuja kuiona na sisi wa Maweni na Barani wengine hatujaingia tangu ile safari ya shule darasa la sita.

Sasa kabla sijaanza niwaambie aibu yangu. Mwaka juzi nlijifanya mjuaji, nkakusanya watoto tisa, wangu na wa dadangu na wa jirani, pilau nlipika usiku, tuktuk mbili, saa nne tumefika. Maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Hakuna ufuo, hakuna vidimbwi, wimbi linapiga, nahodha wa boti ananiangalia tu. Nkauliza maji yatatoka saa ngapi, akanambia saa kumi mama. Saa kumi! Kufika saa sita pilau imeisha, saa nane wadogo wanalia, saa tisa nkapandisha watu tuktuk tukarudi. Mamangu aliniuliza swali moja tu, leo mwezi ngapi? Nkahesabu, mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Kwa hivyo HATUA YA KWANZA ni kuangalia mwezi. Sio pesa, sio siku ya likizo, ni mwezi. Wale wa bara someni polepole hapa. Maji ya bahari yetu yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiandama, yaani mwezi 1 hadi 3, na tena mwezi mpevu 15 hadi 17, ndio bamvua, maji yanatoka mbali sana na yakirudi yanarudi juu sana, tofauti inakaribia mita 4 kwenye bamvua kubwa. Na raha yake ni kwamba siku za bamvua huku kwetu maji yanakauka asubuhi, kati ya saa nne na nusu na saa sita hivi. Hiyo ndio saa ya familia. Mwezi 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu, hayatoki sana na saa nne hiyo ndio yamejaa, ndio yaliyonikuta mimi. Kama nyumbani hamna kalenda ya Kiislamu muulizeni mzee yeyote wa msikitini au mvuvi, au tafuta kwenye simu ratiba ya maji kupwa na kujaa ya Malindi, zipo za bure. Mimi naamini mzee zaidi, lakini angalia zote mbili.

Hatua ya pili, kulipa. KWS, wale wa wanyamapori wanaosimamia paki, hawashiki pesa mkononi langoni, unalipia kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, na nakuomba ufanye hivyo jana yake ukiwa nyumbani na chaji na bando, sio langoni umebeba mtoto mgongoni na sufuria mkononi na simu ina asilimia tatu. Bei zimebadilika kwa hivyo angalia pale pale, siandiki hapa mkaja kunitukana. Beba kitambulisho manake bei ya mwananchi ni nafuu kuliko ya mgeni, na mtoto ana bei yake. Alafu elewa hili, hiyo pesa ni ya kuingia paki, boti ni kivyake na unaelewana na mwenye boti. Elewana KABLA hujapanda, idadi ya watu, mnaenda wapi, mnakaa muda gani, na miwani ya kuzamia imo au haimo. Nshawahi kupanda kwa bei moja nkashukia kwa bei nyengine.

Hatua ya tatu, mizigo. Hapa wengi wanakosea manake tumezoea kubeba kila kitu kwenye karatasi za plastiki. Plastiki za kutumia mara moja ni marufuku kwenye mbuga na fuo za hifadhi tangu Juni 2020, ile mifuko tushaiacha tangu 2017, lakini sasa hata chupa za maji za dukani, vikombe, sahani na vijiko vya plastiki usiingie navyo. Beba maji kwenye kidumu cha nyumbani au chupa ngumu, chakula kwenye hotpoti na mabakuli. Mimi siku hizi sibebi pilau, pilau yataka sahani na kunawa na mchanga unaingia. Nabeba mahamri na mbaazi nzito, viazi karai, bajia za kunde, mayai ya kuchemsha, maembe yamekatwa na pilipili kwenye kidude, na mabuyu ya kunyamazisha watoto wakati wa kungoja. Madafu utapata njiani. Jamvi, leso mbili tatu za ziada, kofia, mafuta ya jua kwa wale weupe weupe, na viatu vya kuingilia majini, hata yale makubadhi ya raba ya zamani. Viatu ni lazima, ntaeleza kwa nini.

Kufika ni rahisi, tuktuk yoyote kutoka mjini inajua, mwambie paki ya bahari Casuarina. Ukitoka mapema mnaweza kusimama kwa nguzo ya Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika hapa 1498, nusu saa inatosha, watoto wapige picha na upepo uwapige, alafu mwendelee. Msipitilize, maji hayamngojei mtu.

Hatua ya nne ndio yenyewe sasa, ukifika fanya nini. Siku ya bamvua jitahidi uwe pale saa mbili na nusu au saa tatu, maji bado yanatoka. Tandika jamvi chini ya mvinje, kivuli chake kinahama kwa hivyo tandika upande ambao kivuli kinaenda sio kilipo. Wakubwa wapande boti ya kioo kwanza. Ni boti ya kawaida ila chini imewekwa kioo, unakaa pembeni unaangalia chini, matumbawe, wale samaki wa manjano wenye mistari mieusi wanaokuja kwa makundi kama wanafunzi wakisikia kengele, pono wa rangi ya kijani na buluu akitafuna mwamba. Mwambie mtoto kwamba pono anatafuna matumbawe na anachotoa nyuma ni mchanga, ule ule mweupe anaojengea nyumba ufuoni. Wangu hawajaacha kucheka mpaka leo, kila tukienda pwani ni mavi ya pono mavi ya pono.

Mtu akirusha mkate majini ili samaki waje mwambie pole pole aache, mkate sio chakula chao.

Wakati wakubwa wako botini wadogo wanabaki kwenye vidimbwi vinavyobaki kwenye mwamba. Hapo kuna dunia nzima. Kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, kaa wadogo, yule kaa anayehamia kwenye ganda la mwenzake, na ukikaa kimya utaona pweza mwenyewe akibadilisha rangi mpaka huamini macho yako. Lakini ndio pale pale wanapokaa wale weusi wa miba mirefu, ndio nkasema viatu. Sheria ya kwangu kwa watoto ni macho ndio mikono, tunaangalia hatushiki.

Na saa. Mtu mmoja mzima kazi yake siku hiyo iwe ni kuangalia maji na asikabidhiwe simu. Maji yakianza kurudi kwanza yanarudi polepole unayadharau, alafu yanashika kasi. Hasa kama mmepelekwa lile fungu la mchanga upande wa Mayungu, ambalo Wataliani wamelibatiza Sardegna 2. Pazuri wallahi, mchanga mweupe katikati ya bahari, lakini lile fungu linatokea maji yakitoka na linazama yakirudi. Nahodha akisema twende, ni twende, sio picha moja ya mwisho.

Maswali

Mama Pacha: Dada shukran, wangu wana miaka mitatu wote wawili, waweza kupanda boti au naogopa bure?

Huogopi bure mamangu. Muulize nahodha majaketi ya kuelea ya WATOTO, sio ya watu wazima unamfunga mtoto anaponyoka chini. Uyaone kwa macho yako kabla hujalipa. Kama hana ya kimo chao, kaa nao vidimbwini, hawatajua wamekosa nini. Na pacha wawili wanataka watu wazima wawili, mmoja mmoja.

Mgeni wa Nairobi: Sisi tunakuja Aprili likizo ya shule, maji yatakuwa mazuri?

Kaka karibu sana, lakini nikwambie ukweli. Maji maangavu ni wakati wa upepo wa kaskazi, Januari mpaka Machi hivi, bahari imetulia. Aprili upepo wa kusi unaanza na mvua za masika zinakuja, Mei mpaka Agosti upepo ni mkali na boti zinarukaruka, wenye tumbo jepesi watatapika. Pia mto Sabaki unamwagikia kaskazini ya mji, ukishuka na mafuriko unaleta udongo wa huko juu na bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, huoni hata kidole chako. Hiyo inaweza kutokea hata Novemba na Disemba baada ya vuli. Ukija Aprili njoo wiki ya kwanza, chagua bamvua, na kabla hujalipia mpigie mtu aliye huku akuangalilie rangi ya maji.

Kijana wa Barani: Tukiokota kombe mbili tatu za mapambo kuna ubaya? Na twaweza kuvua samaki tuchome pale pale?

Hapana na hapana. Ndani ya paki hakuna kuvua na hakuna kuokota, si kombe, si tumbawe hata lililokufa. Nje yake kuna hifadhi ambapo wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa na mitego yao ya kawaida, lakini hiyo ni kazi yao sio pikiniki yako. Ile kombe tupu unayoiona ni nyumba ya kaa yule nliyemtaja. Samaki mchome nyumbani kwa mamako.

Dada wa Shela: Mimi na dera langu nitaingiaje majini mbele ya watu wote hao?

Dada dera majini ni hatari, linajaa maji linakuvuta. Vaa suruali ya kubana na fulana ndefu ya mikono, dera juu utalivua ukifika maji. Sisi tunaenda wanawake kwa kikundi siku za wiki, Jumanne Jumatano watu ni wachache, tunatembea mbali kidogo na boti. Jumapili na Idd usitarajie faragha, hapo mji mzima uko pale. Na swala ya adhuhuri tunasali pale pale chini ya miti, beba mswala.

Mama Pacha: Nimekumbuka, na mtoto akichomwa na yale ya miba?

Usifinye wala usichimbe na sindano ya nguo. Mtoe majini, osha, zinazoonekana nje zitoe taratibu. Bibi yangu alikuwa anapaka utomvu wa papai bichi, wengine ndimu, mimi nafanya hivyo lakini ukiona imeingia ndani sana au karibu na kiungo au panavimba peleka hospitali. Konyeza, yule mlaini wa kuteleza anayewasha, akimgusa osha kwa maji ya bahari, sio maji matamu.

Mzee wa Mayungu: Mwanangu umeeleza vizuri lakini umewafundisha nusu. Bamvua kubwa maji yakikauka kabisa boti haiendi kila mahali, pengine inakaa juu ya mwamba na tumbawe linavunjika. Tumbawe dogo kama kichwa cha mtoto lina umri wa kumshinda huyo mtoto. Mwaka wa El Nino, 1998, maji yalipata moto na mengi yakapauka yakafa, tuliyaona kwa macho yetu, meupe kama mifupa. Yaliyorudi yasikanyagwe na watu wa mapicha.

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, nlipaswa kusema. Basi wenzangu rekebisheni, boti IONDOKE kama masaa mawili kabla maji hayajakauka kabisa, mkae majini kiasi, mrudi, alafu kule kukauka kabisa ndio mwende vidimbwini kwa miguu, mkikanyaga mchanga na sio matumbawe. Na wanaoogelea msisimame, ukichoka lala chali uelee au shika boti.

Mzee wa Mayungu: Marahaba. Sasa umesema.

Kijana wa Barani: Na Jumapili hii itakuwa mwezi ngapi, mimi kalenda sina.

Jumapili ni mwezi 16 kakangu. Maji yanakauka saa tano na kitu. Mimi ntakuwa pale saa mbili na nusu na wale tisa, chini ya mvinje wa tatu ukitoka langoni, njoo na kachumbari manake mimi kitunguu nikikata nalia kuliko watoto.