Kuunga Upya Waya za Soketi ya Taa Iliyoungua

Wiki jana mpwa wangu aliniletea gari lake aina ya Probox hapa Kondele, Kisumu. Taa ya kushoto haikuwaka, na soketi iliyo nyuma ya balbu ilikuwa imeyeyuka hadi vipini vya shaba vinachungulia. Alikuwa ameshabadilishiwa soketi mara mbili. "Mjomba, hii gari ina laana," akaniambia. Nikamwambia haina laana, ina waya bovu. Nikampa koleo aunge mwenyewe huku nikimwelekeza. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Toa hasi ya betri. Piga picha soketi kabla ya kukata chochote. Taa ya H4, yaani ya balbu moja yenye miali miwili, ina waya tatu: ya fulu (mwanga wa mbali), ya dimu (mwanga wa karibu) na ya pamoja, inayotumiwa na zote mbili. Usidhani ya pamoja lazima iwe ya bodi (hasi inayopitia chuma cha gari), maana magari mengine ya Kijapani huwasha na kuzima taa kwa upande wa hasi.

Hatua ya 2. Nunua soketi ya kauri yenye mikia ya waya, si ya plastiki. Waya zake ziwe na unene wa zile za gari au zaidi. Angalia balbu pia: H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, yaani ampea 5 hivi. Ukiweka ya wati 100 ili uone vizuri usiku barabara ya Busia, unapitisha zaidi ya ampea 8 kwenye waya ileile, na soketi itaungua tena hata ikiwa ya kauri.

Hatua ya 3. Kata mpaka ufike kwenye shaba hai. Soma hapa mara mbili.

Niliwahi kupoteza siku nzima kwenye hatua hii, tangu saa tatu asubuhi hadi giza likaingia. Ilikuwa pikapu iliyopita kwenye maji ya mafuriko kule Ahero. Nikaunga soketi mpya, taa ikawaka hafifu kama koroboi. Nikaunga tena. Nikabadilisha balbu, fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya taa), nikasugua pale hasi inaposhika bodi. Jioni, kwa kukata tamaa, nikaimenya waya shibiri moja kutoka kwenye kiungo changu. Ganda kwa nje lilikuwa zima kabisa, lakini ndani nyuzi zilikuwa nyeusi, na nilipozipinda zikadondosha unga wa kijani kiganjani.

Maji hupanda ndani ya waya kati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambini. Kwa hiyo kutu haikai mdomoni tu mwa soketi. Shaba nyeusi haishiki lehemu, na ukiibana unabana kutu pamoja nayo. Kiungo kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampea 5 zitapoteza volti 2.5 hapo na kutoa joto la wati 12 na zaidi mahali padogo kama punje ya mahindi. Joto hilo ndilo lililokuwa likila soketi za mpwa wangu.

Kata sentimita 5, menya, tazama. Shaba ikiwa nyekundu yenye kung'aa, simama. Ikiwa nyeusi, kata tena. Ukifika sentimita 30 bado nyeusi, acha kukata, badilisha waya yote hadi kiunganishi kinachofuata. Kuna wanaoiloweka shaba kwenye ndimu mpaka ing'ae. Mdomoni itang'aa, ndani itaendelea kuoza. Pia lipinde ganda: likiwa gumu na linapasuka, waya imepikwa na joto, ikate hata kama shaba inang'aa. Usimenye kwa wembe. Ukiona vipande vya nyuzi vikidondoka umeshaipunguza waya, rudia. Na usikate zote tatu urefu mmoja. Zipishane kwa sentimita 3 ili viungo visilale ubavu kwa ubavu na kugusana.

Hatua ya 4. Valisha mpira wa kusinyaa (kibomba cha plastiki kinachobana waya kikipashwa moto) kwenye kila waya sasa, kabla ya kuunga. Chukua ule wenye gundi ndani. Tepu siitaki chini ya boneti: kwa joto la Kisumu na la injini, gundi yake huwa kama ulimbo kisha tepu inajifungua.

Hatua ya 5. Ingiza ncha mbili kwenye kibomba cha shaba, ubane kwa lile koleo lisiloachia mpaka libane hadi mwisho. Koleo la kawaida hulalisha kibomba tu bila kukibana. Vuta kwa nguvu. Waya ikichomoka ni afadhali ichomoke mkononi mwako.

Lehemu naitumia ndani ya gari, nyuma ya dashibodi, si karibu na injini. Hunyonywa na nyuzi na kuzifanya ngumu, kisha mtikisiko huzikata pale ugumu unapoishia. Ukilazimika, tumia flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) ya utomvu. Usiazime asidi ya fundi wa mabati wa jirani, itakula shaba kimya kimya.

Hatua ya 6. Rudisha betri, washa taa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kila upande wa kiungo, taa ikiwa inawaka. Isomeke chini ya volti 0.1. Ya mpwa wangu ilisoma 0.02 kwenye waya mbili, ya tatu 0.3. Alikunja uso, lakini aliikata akaiunga upya.

Hatua ya 7. Zima, toa hasi tena, sogeza mipira juu ya viungo uipashe kwa bunduki ya hewa moto mpaka gundi itokeze ncha zote mbili. Kisha ishikize waya, ikiwa na ganda lake, kwenye bodi karibu na kiungo ili isicheze. Plagi za manjano ukizikuta njiani usiziguse wala kuzipima: ni za mifuko ya hewa.