Somo: kuotesha adeniamu kwa mbegu hapa Mombasa

Haya wapenzi wa maua, wengi mwauliza adeniamu, lile waridi la jangwa lenye shina lililovimba chini, mbona mbegu zaoza kila mara. Joto letu la pwani ua hili lalipenda sana, kinacholiua ni maji yanayotuama.

1. Mbegu ziwe mpya, zilizokaa kabatini muda mrefu haziamki vizuri. Kama una mti wako, yale maganda mawili yaliyokaa kama pembe yafunge uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina kishungi cha nywele ncha zote mbili na upepo wa huku ukipita tu ushazikosa.

2. Udongo ndio kazi yenyewe jamani. Mchanga mkubwa wa mto mafungu mawili, makumbi yaliyosagwa fungu moja, na vipande vidogo vya makaa. Mchanga wa ufuoni usitie, una chumvi. Lowesha, shika konzi ukamue, ukifungua mkono uachane wenyewe, ukibaki donge ongeza mchanga. Na chungu kiwe na matundu, si tundu moja.

3. Loweka mbegu masaa machache, zilaze ubavu, funika na mchanga kiduchu tu. Weka penye joto na kivuli chepesi, unyevu usikatike. Mbegu mpya kwa kawaida ndani ya wiki ushaiona.

4. Miche ikishika zoesha jua la asubuhi kwanza, afu jua kamili polepole, na sai maji ni mpaka udongo ukauke. Masika ikianza ingiza barazani.

MASWALI

Swali: Maji yetu ya kisima yana chumvi, yafaa?
Jibu: Miche midogo usiipe mamangu, kinga maji ya mvua uyaweke.

Swali: Maua yatatoka rangi ya mamake?
Jibu: Si lazima. Wataka rangi ileile, uunganishe kitawi cha mama juu ya mche wako. Ua lenyewe ngoja mwaka, pengine miwili.

Swali: Shina langu limelegea, nikibonyeza laingia ndani!
Jibu: Ling'oe leo hiihii dadangu, kata palipooza mpaka uone nyama safi, acha pakauke kivulini siku kadhaa, afu panda upya kwa mchanga mkavu na maji usitie kwanza.

Swali: Nina watoto wadogo, ni salama?
Jibu: Utomvu wake ni sumu kweli, zamani watu walipaka mishale. Weka juu wasipofika, na ukikata nawa mikono kwa sabuni.