Kufuata mto Danube kwa baiskeli ya kuegemea inayokunjwa

Baiskeli yangu unaiendesha umeegemea kiti, miguu imetangulia mbele, na ukitaka kupanda treni unaikunja. Niliinunua baada ya mgongo kukataa baiskeli ya kawaida. Nimeshapita nayo mara mbili kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria: zaidi ya kilomita 300, karibu yote tambarare. Kwa safari ya kwanza, sioni njia bora zaidi.

Anza na urefu kutoka kiti hadi pedali. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo mbali kabisa; mguu unyooke bila nyonga kuvutika. Ukikosea hapo, magoti yatakusumbua kuanzia siku ya pili. Vaa viatu vinavyonasa kwenye pedali. Unyayo ukiteleza ukagusa lami huku baiskeli inakwenda, mguu huvutwa chini ya kiti, na hiyo ni ajali mbaya.

Mlimani huwezi kusimama juu ya pedali. Shusha gia mapema, kabla ya mlima na kabla ya kusimama kwenye taa, kisha zungusha upesi kwa wepesi. Jipe wiki mbili za mazoezi mtaani. Funga kioo cha pembeni na bendera ndefu, maana umekaa chini sana.

Sasa treni. Ujerumani, baiskeli iliyokunjwa huhesabiwa kuwa mzigo, haikatiwi tiketi. Lakini ngazi za stesheni utazipanda peke yako. Kwa hiyo jipime nyumbani: ikunje, unganisha mifuko miwili kwa mkanda mmoja, itundike mifuko begani, shika baiskeli, panda ngazi mara moja tu. Kitakachobaki chini hakiendi safari. Mimi niliacha jiko na viatu vya akiba, na sikuvikumbuka.

Mnyororo wa baiskeli hizi ni mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa kawaida, na ukikunja unalegea na kuning'inia. Safari ya kwanza ulipaka grisi koti jeupe la mama mmoja mlangoni mwa behewa. Linaniuma hadi leo. Tangu siku hiyo natembea na kipande cha kanga chakavu. Nauviringishia mnyororo kuanzia gia ya mbele kurudi nyuma, nafunga kwa mipira miwili niliyokata kwenye tyubu kuukuu, ndipo naifunika baiskeli nzima. Kabla ya kuikunjua, fuata mnyororo wote kwa kidole uone haujajisokota.

Beba tyubu mbili, solusheni na viraka. Soma namba ubavuni mwa tairi: za inchi 20 zipo za 406 na za 451 (kipenyo cha rimu kwa milimita), na tairi ya moja haiingii kwenye rimu ya nyingine.

Karibu na Schlögen, mto unapojipinda hadi kama unarudi ulikotoka, utavuka kwa kivuko kidogo. Hapo usikunje chochote. Shuka, shika kiti kwa nyuma, isukume taratibu, na ukishaingia bana breki mpaka ng'ambo.