Nyanya za rangi tatu kwenye shina moja

Kubebesha ni kukata ncha ya mche mmoja na kuiunganisha kwenye shina la mwingine, na kazi ya wembe yenyewe unajifunza jioni moja. Kinachowashinda wengi ni kuchagua nyanya za kuweka pamoja, maana zikishaungana zitagombea maji ya mzizi mmoja, na ile yenye pupa itawanyima wenzake. Kwa hiyo anza na mbegu.

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, duka la pembejeo litakuuzia Rio Grande, Cal J na Money Maker. Zote nyekundu, lakini tabia mbalimbali. Rio Grande na Cal J ni fupi: zinatoa maua karibu kwa pamoja, zinazaa, basi. Money Maker inarefuka mpaka uichoke. Fupi na ndefu usizibebeshe shina moja, moja itakuwa imemaliza kazi wakati nyingine ndiyo inapanda mti. Mimi nachukua ndefu tupu: Money Maker kwa nyekundu, Yellow Pear kwa njano, Black Krim kwa ile rangi ya kiza ambayo watoto hapa mtaani wanaiita nyanya mbovu mpaka waionje. Haijaoza. Inabakiza ukijani wa majani hata ikiiva, ukichanganyika na wekundu ndiyo hiyo rangi ya udongo uliolowa.

Mbegu za rangi ni adimu kwetu. Unaweza kukamua mbegu za nyanya ndogo za njano zinazouzwa supamaketi za Kampala, ila nyingi ya hizo ni chotara, na watoto wa chotara hawafanani na mama kila mara.

Sasa shina mama, yaani mche wenye mizizi utakaobeba wengine. Kama unapanda kwenye ndoo yenye udongo safi, shina mama ni Money Maker yenyewe, na tawi lake moja usiloligusa ndilo litakalokupa nyekundu. Unabebesha mara mbili tu, unapata rangi tatu. Lakini kama ni shambani, kwanza jiulize kama kuna mnyauko wa bakteria. Chukua mche ulionyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji meupe bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu kutoka pale ulipokata, ndiyo wenyewe. Ugonjwa huo unaishi udongoni na hakuna dawa ya kupuliza itakayouondoa. Hapo tafuta MT56, nyanya iliyojaribiwa hapa Uganda kwa sababu inauvumilia mnyauko huo, uifanye shina mama. Biringanya nayo inakubali kubebeshwa nyanya na haisumbuliwi sana na maji yaliyotuama, ila hukua polepole, uisie mapema.

Sia shina mama kwanza, za rangi zifuate baada ya wiki mbili hivi. Shina mama likiwa na majani manne au matano ya kweli, kata kichwa juu ya jani la tatu. Kwenye makwapa ya majani yatatoka machipukizi. Bakiza matatu yenye nafasi, mengine toa.

Machipukizi yakinenepa kama mrija wa soda, fanya kazi jioni, jua likishapoa. Wembe uwe mpya, ufute kwa spiriti kila ukihama mche. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mvuta sigara akae mbali hata kama ni shemeji yako: tumbaku inabeba virusi vya nyanya, na vinapita kwenye vidole.

Kata chipukizi la shina mama mkato ulionyooka, kisha lipasue katikati kwenda chini kama sentimita moja. Kikonyo cha njano, yaani ncha unayoikata kwenye mche wa Yellow Pear, kiwe na unene uleule, na majani mawili au matatu. Majani makubwa yapunguze nusu, yasinywe maji ambayo bado hayajafika. Chonga chini yake kabari, mkato mmoja tu kila upande. Ukikwaruzakwaruza huo mkato hautashika. Ingiza. Ngozi ya kikonyo ikutane na ngozi ya shina angalau upande mmoja, maana maji yanapita karibu na ngozi, hayapiti katikati. Funga kwa utepe mwembamba wa kavera (mfuko wa plastiki), ukaze bila kunyonga. Cheusi nacho hivyohivyo. Tawi la tatu liache na majani yake lilishe mizizi. Kama shina mama ni MT56, hilo utalibebesha Money Maker baadaye, wenzake wakishashika.

Mwagilia udongo, usilowanishe kidonda. Chomeka vijiti, funika kwa kavera nyeupe iliyonyunyiziwa maji ndani, weka barazani kwenye kivuli. Siku tatu usifunue. Najua utatamani kuchungulia. Baada ya hapo funua kidogo asubuhi na jioni, uongeze muda kila siku, na ndani ya siku kumi hivi ondoa kabisa. Kikonyo kulegea siku ya kwanza si neno. Kikiwa cheusi pale kwenye mkato, kata chini zaidi, rudia.

Ukihamisha, maungio yabaki juu ya udongo kabisa. Yakifukiwa, kikonyo kitaota mizizi yake na mnyauko utaingilia hapo. Chochote kinachochipua chini ya maungio, ng'oa kingali kidogo. Kila tawi lipewe kijiti chake cha kuegemea na kamba yake.

Halafu ndio uamuzi wa kila wiki. Yellow Pear ina fujo. Nisipoikata itafunika ndoo nzima. Naiachia uti mmoja, naipunguza machipukizi kila ninapopita, na ikizidi wenzake kimo naikata ncha. Black Krim siigusi kwa pupa, matunda yake ni mazito na tawi lake mara nyingi ndilo dhaifu. Hilo lifunge hata chini ya kila kichala.

Jirani mmoja aliniuliza, "Mama, nikipanda mbegu za hapa nitapata mti wa rangi tatu?" Hapana. Mbegu ya njano inazaa njano, shina halibadilishi damu ya tunda. Ukitaka tena, kata chipukizi la kila tawi mti haujachoka, liweke kwenye glasi ya maji kivulini mpaka liote mizizi, kisha lipande kwenye kopo. Kopo hilo ndilo ghala lako la vikonyo vya msimu ujao. Kama shamba lina mnyauko, usilipeleke huko, maana halina tena mizizi ya kulikinga.